Raundi Kumi na Moja

Saa nne na robo, Idd pili,
Tangamano imeshafurika.
Jenereta inakohoa, mihogo inakaangwa,
farasi wa bati wanauzunguka mlingoti wao
na mmoja hana sikio.
Dada yako Mwanasiti kamtaka huyo huyo.

Mimi macho yangu yako kwenye saa.
Saa tano na nusu, Mbaruku, kama hujalala,
saa sita unakuwa mtu mwingine:
mtu wa kupiga teke sahani ya jirani,
mtu wa kulilia kiatu
na kiatu kiko mguuni.

Mama yako yuko zamu, Bombo.
Kaniandikia nyuma ya boksi la dawa:
chupa mbili; kanga ya kulalia ni ile ya bluu iliyochakaa;
mchana alale mara moja tu, na si baada ya saa tisa.
Nakuomba. Idd yenu isije ikawa usiku wangu.

Nikapanga, basi, kama karani wa bandari:
kwanza farasi, kisha ubuyu,
kisha kivuli cha duka la Bi Salme, Barabara ya Saba,
cherehani yake ikikungurumia mpaka usinzie.

Lakini foleni haikulisoma lile boksi.

Saa tano ilitukuta kwenye mstari.
Saa tano na nusu ilitukuta kwenye mstari ule ule,
nyuma ya watoto saba wa nyumba moja,
wote na miwani ya plastiki.
Nikakufunika kanga. Ukaivua.
Nikakulaza begani. Ukanivuta ndevu,
ukamwonyesha kila mpita njia
jinsi baba mtu anavyokamatwa.

Zamu yetu ikafika.
Mwanasiti juu ya yule asiye na sikio,
sisi wawili kwenye wa pembeni,
miguu yangu ikiburura vumbi.
Raundi ya kwanza ukapiga makofi.
Ya pili ukanyamaza.
Ya tatu shingo ikalegea, kichwa kikaniangukia kifuani,
kizito, cha moto,
kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

Bembea ikasimama. Ukafumbua jicho moja.
"Endesha," nikamwambia kijana wa tiketi.
"Raundi zenu zimekwisha, mzee."
Jicho la pili likaanza kucheza.
Nikampa mia tano.

Hivyo ndivyo nilivyonunua usingizi wako rejareja.
Nauli ikaenda. Soda ikaenda.
Ile elfu mbili ya luku, nayo ikaenda.
Mwanamke wa mihogo, ukuta wa manjano,
mwanamke wa mihogo, ukuta wa manjano.
Raundi ya saba alikuwa hanitazami tena.
Ya tisa akanionea huruma,
akanirushia kipande cha limau ninuse.

Na Mwanasiti!
Asubuhi aliambiwa: mara moja tu, umesikia?
Kufika ya kumi na moja alishampa farasi wake jina
na alikuwa akimnong'oneza
upande ule wenye sikio.

Tulirudi Makorora kwa miguu.
Wewe mpya kabisa, mabegani kwangu, ukidai ubuyu.
Mimi nikiyumba,
na wenye baraza zao wakitazamana:
leo Idd, jamani, lakini huyu kapata wapi?

Saa tatu usiku mama yako kaingia, kavua viatu mlangoni.
"Alilala?"
"Alilala."
"Saa ngapi?"
"Saa sita kasoro."
Akacheka kwa furaha, akasema kumbe nawezekana,
kesho kutwa ana zamu tena.

Sikujibu. Nimeshika kingo za kitanda kwa mikono miwili.
Wewe uko katikati yetu, umetulia tuli,
kanga ya bluu kidevuni.
Ni dari tu inayopita:
mwanamke wa mihogo, ukuta wa manjano,
mwanamke wa mihogo.